Upande wa Kulia wa Papa

Nianze kwa kumshukuru Mungu, mwenye vilima na mwenye misitu, aliyeniachia meno manne mdomoni na kumbukumbu nyingi kichwani. Wengi niliocheza nao amewaita mapema. Mimi bado ananiamsha, na kila asubuhi nikiona ukungu unainuka juu ya mashamba ya Kashuga nasema: Asante, Baba, leo tena. Sifa ziwe zake kabla sijasema lolote la kwangu.

Ninayotaka kusimulia nimeyabeba tangu utoto bila kuyaandika. Jumapili iliyopita, hapa Kashuga tulipokimbilia vita, kijana mmoja aliyerudi kutoka mapiganoni alikuwa ameketi kwenye ubao wa mwisho, karibu na mlango. Ngoma za kwaya zilipoanza kwa nguvu, aliinuka akatoka mbio, kofia yake ikabaki chini. Mama mmoja pembeni yangu akaninong'oneza kuhusu askari, "Unaona hawa basoda? Mbele ya Mungu ata heshima habana." Pua yangu ilikuwa imejaa harufu ambayo haikuwamo kanisani, harufu ya mwanzi mbichi ukiungua, nami nilikuwa nimerudi Mushaki, mtoto wa miaka kama minane, nimevaa gauni la njano.

Nyumba yetu ilikuwa kilimani, juu ya barabara itokayo Sake kwenda Masisi. Ukisimama uani uliona ng'ombe wa watu wote, na mvua ikitembea juu ya vilima kwenda kuwanyeshea wengine. Tulilima maharage, mahindi na viazi kwenye mteremko mkali kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka mkononi unakifuata hadi bondeni. Mama hakuwa mtu wa huko. Alitoka msituni, Walikale, na kwenye kilima chetu, ambako watu walipika kwa siagi ya ng'ombe, yeye alipika sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mawese ambayo kaka zake walimletea mgongoni. Wake za ndugu za Papa walimtania: "Mama Furaha, sombe yako inanukia pori." Naye alijibu: "Na ya kwenu inanukia mukia ya ng'ombe." Halafu wote walicheka, wakala sombe.

Furaha ni mimi. Sikuwa na ndugu, kwa sababu Papa aliondoka kwenda jeshini nikiwa najifunza kukimbia, na jeshi lilimpeleka vitani, mbali sana. Nilimjua kwa picha ndogo ambayo Mama aliihifadhi ndani ya kitabu cha sala. Katika picha hiyo alikuwa na shavu la mviringo na kofia iliyolala upande, anacheka. Kila jioni tulimwombea mtu huyo mwenye kofia. Nilidhani kwamba siku akirudi atatoka kwenye picha vilevile alivyo.

Kwenye kilima chetu ilikuwako desturi ambayo sijaikuta penginepo. Nyumba ikiwa na furaha kubwa, bibi arusi ameletwa au mtu amerudi kutoka mbali, wanaume hukata mianzi mibichi, huacha vifundo pande zote mbili ili hewa isitoke, kisha huipanga juu ya moto mkali. Mwanzi ukishapata joto hupasuka kwa mshindo, na watu wa vilima vya ng'ambo huulizana: Kuna nini kule? Kadiri furaha ilivyo kubwa ndivyo mianzi inavyokuwa mingi. Habari ilipofika kwamba Papa anarudi, kaka yake mkubwa, Papa Zakaria, ambaye mimi nilimwita Papa mukubwa, alikata mianzi siku mbili nzima. "Mutoto ya mama yangu anatoka vitani muzima," alisema. "Leo ata Kingi kule ng'ambo itasikia."

Papa alifika alasiri, ameshushwa barabarani na kamyo iliyobeba viazi. Alipanda kilima akiegemea fimbo, mguu mmoja ukiburutwa nyuma ya mwingine. Shavu la mviringo halikuwapo tena. Upande wa kushoto wa shingo, kutoka sikio hadi ndani ya kola, ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa kama utando wa maziwa yaliyopoa. Watu waliimba. Mama hakuimba, alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Kisha akanisukuma polepole mgongoni. "Kwenda, mama. Mupe papa yako mukono."

Nilitembea na gauni langu jipya, ambalo Mama alilishona kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili au tatu mwanzi wa kwanza ulipopasuka.

Mtu yule wa fimbo aliruka kama asiye na kilema. Aliniangusha kwenye tope, akaniangukia, kiganja chake kikabana kichwa changu chini na kifua chake kikalemea mgongo wangu. Nilionja udongo. Mianzi ikafuatana, na kila uliopasuka ulimfanya anikandamize zaidi. Juu yetu watu walicheka. Nilimsikia Papa mukubwa akipiga makofi na kumwita Papa kwa cheo chake cha usajini: "Muone Serja! Anatuonyesha vile banapiganaka!" Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu vicheko vikapungua kimoja kimoja, kwa sababu Papa alikuwa akiita majina ya watu ambao hakuna aliyewajua, na suruali yake ilikuwa imelowa, na si kwa tope.

Mama ndiye aliyechukua mtungi akamwaga maji juu ya moto. Mvuke ukapanda, ukatufunika sote, wenye harufu ile ya mwanzi ambayo sijaisahau. Ulipotawanyika, Papa alikuwa amesimama. Alitazama gauni langu, akatazama mikono yake, akatazama mlango wa nyumba. Hakuingia. Aliokota mfuko wake, akapanda polepole hadi shambani, kwenye kibanda cha kulindia mahindi, na huko akakaa.

Wenzangu, mtoto wa miaka minane hupima mambo kwa kipimo chake. Mimi nilikuwa na gauni lililoharibika na jino lililolegea. Niliwaza hivi: nilimkaribia Papa, Papa akanitupa chini na kunibana uso matopeni mbele ya watu, halafu akakataa kuingia nyumba ninamokaa. Hesabu ilikuwa imekamilika. Papa alinichukia. Sababu sikuijua, lakini watoto hawakosi sababu. Nilikumbuka kwamba mwaka ule nilikuwa nimeiba sukari, na kwamba mara nyingine nilisinzia tulipokuwa tukimwombea.

Majuma yakapita. Kila siku baada ya saa sita Mama alinituma na chakula. Nilipanda kati ya maharage yaliyokuwa yanaanza kutoa maua meupe, sahani imefungwa kwa kitambaa. Kwetu tulikuwa tumefundishwa namna ya kumpelekea baba chakula. Mtoto wa kike husimama upande wake wa kushoto, nyuma kidogo, macho chini, kwa sababu upande wa kulia ni wa panga na wa wageni, na kumkabili mzazi uso kwa uso ni utovu wa adabu. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilisimama kushoto, nikasema, "Papa, chakula." Hakugeuka. Nilisubiri, nikasema tena kwa sauti ya adabu, ambayo ni ndogo. Yeye alitazama ukungu. Mwishowe niliweka sahani chini, akaiona, akashtuka, akaanza kula bila kusema neno.

Niliona pia mambo ambayo sikuyaelewa. Siku za baridi alikandakanda paja lake. Mama aliniambia kwamba ndani yake mlikuwa na vipande vya chuma ambavyo madaktari waliviacha, na baridi ikija vinatembea. Mchana kweupe alilala ameketi, mgongo kwenye nguzo, na vidole vyake vilicheza kama vinatafuta kitu. Mtu mzima akija kuzungumza naye alisimama mbele yake, kama watu wazima wafanyavyo, na Papa alimjibu, kwa maneno machache lakini alimjibu. Ni mimi tu ambaye alininyima sauti. Hilo ndilo lililonimaliza.

Papa mukubwa hakuwa mtu mbaya, na nataka ijulikane. Tangu siku ya mianzi alikonda. Lakini alikuwa mkubwa wa ukoo, na ukoo ulikuwa unasema. Siku moja wazee waliketi uani kwetu, mimi nikiwa nachagua maharage ya mavuno yaliyopita, na akamwambia Mama, "Muke wa ndugu yangu, sikia. Mwanaume mwenye analala ku shamba hana nyumba. Na mwanamuke mwenye bwana yake hana nyumba, yeye njo nani? Bantu banaanza kukucheka. Tunangoja mupaka maharage ivunwe. Kama Serja hajashuka, utarudia kwenu Walikale kwa heshima, tutakusindikiza. Mutoto atabakia kwangu. Mutoto iko wa ukoo."

"Papa Zakaria, ule muntu hakunifukuza," Mama alisema.

"Hakukufukuza. Lakini hakukukaribisha."

Mama alichukua ungo wangu akaendelea kuchagua maharage ambayo nilikuwa nimeshayachagua. Nami nikafanya hesabu ya pili. Kama Papa haingii nyumbani kwa sababu yangu, basi mimi nikiondoka ataingia, na Mama hatapelekwa. Usiulize mtoto kwa nini hakumwambia mtu. Jambo kama hilo huonekana la aibu mno kulitoa mdomoni. Nilijifunza maneno yangu siku mbili nikichunga mbuzi. Siku ya tatu nilipanda na sahani, nikasimama kushoto, nyuma kidogo, macho chini, nikasema, "Papa, mi nitaenda kukaa kwa Papa mukubwa mimi mwenyewe. Sitarudia kwa nyumba. Wewe shuka, ukae na Mama. Nakuomba."

Papa alikuwa anamenya kiazi cha kuchoma. Alimenya ganda lote, akapuliza majivu, akala. Hakunitazama. Niliteremka kilima nikilia kwa namna ya watoto wasiotaka kusikika, na maharage pande zote mbili yalikuwa yameshaanza kukauka.

Siku chache baadaye alikuja baba yake Mama, ambaye nilimwita Tate. Alikuwa ametembea siku tano kutoka Walikale, mzee mfupi mwenye magoti makubwa, mwindaji wa siku zote, na mgongoni alileta nyama iliyokaushwa, asali na bidoni ya mawese. Habari za mwanawe zilikuwa zimemfikia. Papa mukubwa alimpokea vizuri, akampa kiti na maziwa, akaanza kumweleza jambo lote tangu mwanzo. Tate alisikiliza hadi mwisho, akafuta maziwa kwenye ndevu, akauliza swali moja tu. "Mulimupokea na nini?"

"Na furaha, mzee. Na mianzi. Mianzi mingi."

Tate alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Wee Zakaria. Muntu anatoka kwa milio ya bunduki, na wewe unamukaribisha na milio? Kwetu ata mwindaji mwenye amepoteza mwenzake pori hatuingizake kwa mbio. Anakaa inje ya kijiji, kwa kimya. Wazee wanaenda kuongea naye. Wanamuosha ku mutoni. Halafu muntu wake anamuingiza na mukono, polepole, na hakuna mwenye anapiga kelele. Ninyi wa milimani munapenda sana kelele."

"Sisi tuko bakristo, mzee," Papa mukubwa alisema, na sauti yake iliumia. "Mambo ya pori tuliachaka."

"Mi pia nimebatizwa. Nimesema kuosha muntu. Sijasema kuchinja kuku."

Siku ya pili Tate alipanda nami na chakula. Alisema hataki kuzungumza na mkwe wake kwanza, anataka kumtazama, kama mtu anavyomtazama mnyama asiyemjua. Tulipofika alichuchumaa pembeni, kwenye mahindi, akaninyamazisha kwa kidole na kunionyesha niendelee. Nikasimama mahali pangu, nikasema, "Papa, chakula." Kimya. Nikaweka sahani. Nilipogeuka kwenda, Tate aliniita kwa mkono.

"Juu ya nini unasimamaka pale?"

"Njo heshima, Tate."

"Nani mwengine anasimamaka pale?"

Nilifikiri. "Hakuna. Mimi peke yangu."

"Ndege akilia huku, ule papa yako anageuka. Ndege akilia kule, hageuke. Nimeangalia mara tatu." Alinishika bega. "Zunguka. Simama upande wa kulia, karibu na sikio. Kama ni zambi, itakuwa juu yangu. Mi ni muzee, nimebeba mingi."

Nilizunguka. Miguu yangu ilikataa, maana kusimama upande wa kulia wa baba kulikuwa kama kukalia kiti cha padri. Nilikaribia sikio ambalo halikuwa limeungua na nikasema, kwa sauti ileile ya adabu, "Papa, chakula iko hapa."

Papa aligeuka. Hakushtuka, aligeuka tu, kama mtu yeyote anayeitwa. Akaniona karibu hivyo, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu wa kwenye picha. "Furaha," alisema. "Nilizani hauongeake. Nilikuwa nasema, huyu mutoto bado ananiogopa, tangu ile siku. Ana haki."

Maneno yangu ya siku mbili, yale ambayo sikio la kushoto halikuyapata, sasa yalitoka yote kwa pamoja, yamechanganyika na makamasi: sukari, usingizi wa wakati wa sala, gauni, nitakaa kwa Papa mukubwa, shuka ukae na Mama, usiruhusu wampeleke. Papa alisikiliza kwa kuinamisha sikio lile zima kuelekea mdomo wangu. Nilipomaliza aliuliza, "Nani alikuambia nakuchukia?"

"Ulinitupa chini."

Tate, kwenye mahindi, hakusogea.

"Sikukutupa, mama yangu. Nilikufunika." Alitazama mikono yake, jinsi alivyoitazama siku ile. "Kule vitani kulikuwa soda mumoja kijana, ndevu bado. Alikuwa upande wangu. Wakati ile kintu ilipasuka, sikumufika. Iliniunguza hapa, ikafunga sikio, yeye ikamuchukua. Sasa kila kintu ikilia, mwili wangu unarukia muntu mwenye iko karibu, kumufunika. Mwili hauniulize. Siku ile ulikuona wewe, ukakuchukua wewe. Ulikuwa karibu. Ungelikuwa mbali, ningelimufunika Zakaria, na Zakaria ni munene."

Nilicheka, sikutarajia kucheka. Kisha nikamuuliza kwa nini basi hashuki.

"Nikilala, sijue mikono yangu inafanya nini. Hospitali niliamuka nimekaba muntu mwenye alikuwa ananipa dawa. Mama yako akilala pembeni yangu, na ngurumo ipige? Njo sababu niko hapa. Hapa kuna mahindi tu."

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafundisha katekisimu, watoto waliniuliza mara kwa mara upendo ni nini, nami niliwapa jibu lililoandikwa. Lakini la kwangu nililipata siku hiyo: mtu aliyekaa kwenye baridi na vyuma vinamtembea pajani, karibu na nyumba yake hata anaona moshi wa jiko lake, ili mikono yake isije ikawadhuru waliomo. Nasi tuliita jambo hilo kukataa nyumba.

Tate aliteremka akamweleza Papa mukubwa na Mama. Bado kulikuwa na swali la kumwosha, maana baadhi ya wazee wa kanisa walinung'unika kwamba desturi za pori zinaingia kwa mlango wa nyuma. Walimwita mwalimu wa kapela yetu, mzee mwembamba aliyependa kumaliza mabishano kabla ya chakula. Aliuliza wataoshea wapi. Tate akasema, kwenye kijito kilicho chini ya mikaratusi.

"Mi nabatizaka batoto benu na maji ya kijito ile ile," mwalimu alisema. "Maji haina dini. Tutaenda, mzee ataosha, mi nitaomba, na Mungu atatenganisha mwenyewe ile yenye hapendi."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka baada ya mvua. Mimi na wanawake tulibaki juu, lakini tuliwaona. Tate aliingia majini na nguo zake, akamimina maji kwa kata juu ya mabega ya Papa, juu ya shingo ile yenye makovu, juu ya mikono, hasa mikono, akiisugua kidole kwa kidole huku akimsemesha kwa sauti ambayo haikutufikia. Papa mukubwa alishika nguo kavu. Mwalimu aliomba, na hakuomba kwa urefu, jambo ambalo watu walilizungumzia hata baadaye. Nilimwona Papa akilia wazi, na hakuna aliyegeuza uso.

Kazi kubwa ilikuwa nyingine, na aliifanya Papa mukubwa. Tangu alfajiri alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba, yeye aliyekata mianzi, kofia mkononi. Alimwomba kila mtu: leo asitwange, asipasue kuni, afunge mbwa, asiite mtu kutoka kilima hadi kilima. Waliomcheka aliwaacha wacheke. Kisha Tate aliniita nishuke, na Papa alipopanda kutoka kijitoni, amevaa shati safi, mkono wake wa kulia ndani ya mkono wangu, watu walikuwa wamesimama mbele ya nyumba zao kila upande wa njia, watu wazima na watoto, na kilima kizima kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia fimbo yake ikigusa mawe. Wanaume walivua kofia. Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake mdomo kwa titi. Ng'ombe mmoja tu, ambaye nadhani hakuambiwa, alilia kwa nguvu sana, nikausikia mkono wa Papa ukikaza. Nikapanda kidogo kwa vidole vya miguu na kumwambia sikioni, "Ni ng'ombe, Papa." Mkono ukalegea.

Mlangoni alisimama. Mama alikuwa ndani, karibu na jiko, hakumwita wala hakusogea, kwa maana Tate alikuwa amemwambia asifanye haraka. Papa aliinamisha kichwa, akaingia. Tulikula viazi na maharage kwa mawese, na hakuna aliyesema jambo la maana.

Sitawadanganya kwamba alipona siku hiyo. Kwa muda mrefu mkeka wake ulikuwa peke yake karibu na mlango, na Mama alijifunza kumwamsha kwa kumwita jina kutoka mbali, kamwe si kwa kumgusa. Mara kwa mara, ngurumo zikianza, alichukua blanketi akapanda kibandani mwenyewe, akarudi kukikucha, na tulimsalimu kama mtu aliyetoka kazini. Kila alipotaka kuomba msamaha Mama alimpa kazi. Mimi nilikuwa sikio lake la kushoto. Sokoni, kanisani, barabarani, nilimweleza vilivyokuwa vinakuja kutoka upande huo: baiskeli, mbuzi, mtu anayemsalimu.

Bado tulikuwa tunajifunza hayo maharage yalipokauka kabisa, na siku ya kuvuna ikafika. Tuling'oa tangu asubuhi, tukayapiga kwa fimbo bondeni, mbali na nyumba, kwa ajili ya masikio ya Papa, tukayapepeta. Alasiri Papa mukubwa alikuja, amevaa koti lake la Jumapili. Alikuwa ametoa neno mbele ya wazee na neno la mkubwa wa ukoo haliachwi lining'inie, ilimbidi aje. Alisimama uani akisafisha koo. Mama alikuwa amepiga magoti akijaza kapu. Tate, ambaye alikuwa amekataa kuondoka hadi siku hiyo, alikaa akichonga mpini, hakuinua kichwa.

"Mama Furaha," Papa mukubwa alisema, "maharage imevunwa. Nilisemaka…"

"Ulisemaka," Papa alijibu. Alikuwa mlangoni, upande wa ndani, ameegemea fremu. "Nilisikia, na sikio ile moja. Zakaria, ulisema kama sijashuka. Uko unaniona wapi?"

Papa mukubwa alitazama miguu ya ndugu yake, ikiwa ndani ya kizingiti. "Nakuona kwa nyumba," alisema.

"Basi njo pale niko."

Mama alisimama, akafunga kapu lililojaa, akalikokota hadi mbele ya mkubwa wa ukoo. "Papa Zakaria, ulisema utanisindikiza. Nisindikize na hii. Unaipeleka ku gala, unarudia, unakula." Papa mukubwa akavua koti lake la Jumapili, akanipa nimshikie, akainama, na Mama akamtwika maharage kichwani. Alikwenda nayo akipepesuka kidogo, huku Tate akicheka ndani ya ndevu zake. Mama alirudi jikoni, akaongeza maji kwenye sufuria, kwa sababu tulikuwa watano wa kula.

Wewe unayesoma, Mungu akupe mkono wa kumwongoza wako mlangoni na subira ya kutomharakisha. Kama ni wewe uliyerudi na bado uko nje, akutumie mtu atakayezunguka hadi upande unaosikia. Akulindie usingizi wako na mikono yako, na nyumba yako isikose moto, maji, na mtu mmoja zaidi wa kula. Amina.